Tokeni Zinaenda Wapi? Hesabu ya Stima Kutoka Noonkopir

Julai iliyopita nililala siku tatu Noonkopir, kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyehamia huko na bwana wake kutafuta riziki. Kwa wasiopajua, Noonkopir ni kule Kitengela, kaunti ya Kajiado, ukishaipita Athi River ukashika barabara ya Namanga. Wapwani si wachache huko siku hizi. Wako wa viwanda vya EPZ, wako wa biashara, wako walionunua vipande vya ardhi wakati bei ilikuwa bado ya kununulika.

Alfajiri ya kwanza niliamka kutawadha, maji ya bomba yakaniuma vidole kama barafu. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai ndio mwezi wa baridi yake. Mpwa wangu akaniita kutoka chumbani: "Mjomba, usijitese, washa shawa upate maji ya moto." Nikawasha. Taa ya ukumbini ikafifia palepale, nikajua humu ndani kuna kitu kinakula stima kwa pupa.

Baada ya chai akanitolea simu, akanionyesha jumbe za tokeni alizonunua mwezi mzima. Elfu moja, mia tano, elfu moja tena, mia saba, na kuendelea. Jumla ilikaribia elfu saba. "Mjomba, sisi ni watu wanne tu. Hizi tokeni zinaenda wapi? Mimi naona mita hii inatuibia." Tukajumlisha yuniti zote zilizoandikwa kwenye zile jumbe, zikatoka 230.

Mimi si fundi wa stima, ila kuzidisha na kugawanya najua, na jambo hili nimelisumbukia nyumbani kwangu pia. Nimeona niliandike kwa kirefu, kwa sababu nyumba ya mpwa wangu si ya peke yake. Elfu saba ni karo, ni unga, ni nauli ya kuja kumwona mzazi Mombasa.

Kwanza ile shutuma ya mita. Kuna njia rahisi ya kuijaribu, isiyohitaji fundi. Kila mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na usoni mwake imeandikwa taa ile hupepesa mara ngapi kwa yuniti moja. Mita nyingi ni mara 1,000, nyingine zaidi. Zima kila kitu ndani ya nyumba, chomoa hata chaja ya simu, kisha nenda ukaitazame kwa dakika tano. Ikiwa bado inapepesa, basi kuna stima inayotoka: ama waya umechubuka mahali, ama kuna mtu aliyejiunganisha kwako. Hapo ndipo uite fundi mwenye leseni. Sisi tulizima kila kitu, taa ikatulia tuli. Mita ilikuwa haina kosa.

Yuniti moja ni nini? Ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Balbu ya wati 10 itakaa saa 100 kabla haijamaliza yuniti. Pasi ya wati 1,000 itaimaliza kwa saa moja ikiwaka mfululizo. Ukishajua wati za kifaa, ambazo huandikwa nyuma au chini yake, na ukajua kinawaka saa ngapi kwa siku, huna haja ya kumwuliza mtu tokeni zako zimeenda wapi.

Tukapanda kiti tukasoma ile shawa. Wati 5,500.

Ni ile shawa inayofungwa juu ya bomba na kuchemsha maji yanapopita, ambayo bara utaikuta karibu kila nyumba ya kupanga yenye choo ndani. Wati 5,500 kwa dakika kumi ni yuniti 0.92. Watu wanne, kila mmoja dakika kumi kwa siku, ni yuniti 3.7. Kwa siku 30 ni yuniti 110. Karibu nusu ya stima yote ya nyumba ile ilikuwa ikishuka na maji ya kuoga. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mjomba, hawa watoto hawaogi dakika kumi. Wanacheza humo."

Jambo ambalo wengi hatulijui kuhusu shawa hizi ni kwamba mtu akilipunguza lile bomba ili maji yatoke kidogo, maji huwa ya moto zaidi lakini stima inayotumika ni ileile. Unacholipia ni dakika. Nyingi zina swichi ya viwango vya moto pembeni, na watu huiacha kwenye kiwango cha juu kabisa mwaka mzima, hata Februari ambapo Kitengela jua linawaka. Kuishusha kiwango kimoja ni kuondoa wati nyingi kwa kidole tu, ila zima shawa kwanza ndipo uguse swichi hiyo.

Kisha kuna ndoo, ambayo sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kufundishwa. Lita 15 za maji, kuyatoa kwenye baridi ya nyuzi 18 kuyafikisha nyuzi 40, zinahitaji yuniti 0.4 hivi, chini ya nusu ya ile shawa ya dakika kumi. Ukiyachemshia kwenye gesi hutumii stima kabisa, ingawa gesi nayo ina bei yake. Na kama tangi lako jeusi liko juu ya paa, maji ya saa kumi alasiri hayafanani na maji ya saa kumi na moja alfajiri. Watoto wakioga wakitoka shule, jua limeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa wudhu wa alfajiri nilimwachia ujanja wa mama yangu: maji yachemshwe usiku pamoja na ya chai, yatiwe kwenye chupa ya kuhifadhi moto, asubuhi yachanganywe na ya baridi. Hakuna haja ya kuwasha wati 5,500 kwa ajili ya kuosha mikono na miguu. Tena tunajua israfu imekatazwa hata katika kutawadha.

Mwenye nyumba yake mwenyewe, si ya kupanga, afikirie paneli ya jua ya kuchemsha maji. Serikali iliwahi kutoa kanuni mwaka 2012 za kuzitaka nyumba zinazotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku zifunge mitambo hiyo, lakini utekelezaji ulisuasua na nyumba zikaendelea kujengwa na zile shawa. Gharama ya kuanzia ni kubwa, silifichi hilo. Na huko Kitengela kuna tatizo la ziada: maji mengi ni ya visima na yana chumvi. Maji kama hayo huganda ndani ya mabomba na kula tangi la chuma. Ukinunua, mwulize muuzaji kama mtambo wake ni ule ambao maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli yenyewe, bali hupashwa na maji mengine yanayozunguka peke yake. Asiyeelewa swali hilo usinunue kwake.

Chumvi hiyohiyo ndiyo sababu ya kuwepo shawa maalumu za maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha stima kuliko maji matamu, na shawa ya kawaida kwenye maji hayo inaweza kumpiga mtu. Ukipanga nyumba mpya huko, uliza shawa ni ya aina gani, na kama waya wa ethi umefungwa. Hilo si la kuokoa pesa, ni la kuokoa roho.

Ngazi za bei

Hapa ndipo nilipomwona mpwa wangu akikaa sawasawa. Wengi wetu tunadhani yuniti ni yuniti, bei moja kwa wote. Sivyo. Tangu Aprili 2023, nyumba za watu zimegawanywa katika makundi matatu na EPRA, mamlaka inayosimamia bei. Wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Bei za msingi zilizotangazwa wakati ule zilikuwa Sh12.22, Sh16.30 na Sh20.97 kwa yuniti. Zimekuwa zikisogea tangu hapo, kwa hivyo tazama risiti yako, lakini ngazi ni zilezile. Kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa 2018, bei nafuu ilikuwa ikiwafikia wote wasiozidi yuniti 100. Mpaka uliposhushwa hadi 30, nyumba nyingi za kawaida zilijikuta zimepanda ngazi bila kuongeza hata balbu moja.

Sasa sikiliza vizuri. Ukizidi yuniti 100, si zile za ziada peke yake zinazolipiwa bei ya juu. Yuniti zako zote zinahamia bei ya juu, kuanzia ya kwanza. Nyumba ya yuniti 98 kwa bei ile ya 2023 ilikuwa Sh1,597 za msingi. Nyumba ya yuniti 130 ilikuwa Sh2,726. Tofauti ni yuniti 32 tu, lakini ni zaidi ya shilingi 1,100, na hapo bado hatujaweka malipo ya mafuta, ya fedha za kigeni, asilimia 5 ya usambazaji wa stima vijijini, na VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo anayetumia yuniti 110 au 120 ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kubana matumizi. Akipunguza kidogo tu, anashuka ngazi nzima.

Kundi lako huamuliwa na wastani wa miezi mitatu. Hilo linajibu lile swali la kila siku: je, nikinunua tokeni kidogo kidogo nitapata nafuu? Hapana. Mia moja mara kumi ni sawa na elfu mara moja. Linajibu pia malalamiko ya mtu aliyepunguza mwezi mmoja akaona bei haikubadilika. Miezi yako ya nyuma bado inakufuata.

Friji, taa na birika

Baada ya shawa tulihamia jikoni. Friji lao lilikuwa la mtumba, lile kubwa lililoletwa kutoka Uingereza, ambalo Mombasa pia tumelijaza majumbani. Bei yake ya kununua ni nafuu, bei yake ya kukaa nalo siyo. Friji kuukuu la namna hiyo linaweza kula yuniti moja na nusu hadi mbili kwa siku, wakati friji dogo jipya lililotengenezwa vizuri linaweza kukaa chini ya yuniti moja. Ukienda dukani tafuta kibandiko cha EPRA chenye nyota. Friji yenye nyota nyingi hula stima kidogo kuliko ya ukubwa uleule yenye nyota chache. Kanuni za vibandiko hivyo ni za mwaka 2016, na wauzaji wengine hawakuambii mpaka uulize.

Kwa kuwa hakuwa na pesa ya friji jipya, tulifanya yanayowezekana. Fungia noti ya shilingi hamsini kwenye mlango wa friji, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka kwa ulaini, mpira wa mlango umechoka na baridi inavuja usiku kucha. Yake ilitoka kama imepakwa mafuta. Mpira wa kubadilisha unapatikana kwa mafundi wa friji na hauna bei ya kutisha. Tulilisogeza friji mbali na jiko, tukaacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, tukapangusa vumbi kwenye zile nyaya za nyuma ambazo hutoa joto nje. Vumbi la Kitengela si la mchezo, malori ya saruji na ujenzi hayalali. Barafu iliyoganda ndani kwa unene wa vidole viwili tukaiyeyusha. Na tukakubaliana kuwa sufuria ya pilau ya moto haiingii humo mpaka ipoe.

Kuhusu taa sitasema mengi. Mwaka 2010 kampuni ya stima iligawa bure balbu zaidi ya milioni moja za kubana matumizi, watu wakarudisha zile za zamani za waya, na siku hizi LED zimejaa madukani. Bado nilikuta balbu ya zamani ya wati 60 nje ya mlango, ya ulinzi, inayowaka tangu magharibi mpaka asubuhi. Saa 12 kila usiku ni yuniti 21 na nusu kwa mwezi. LED ya wati 9 kwa kazi hiyohiyo ni yuniti 3 na kitu. Balbu moja!

Birika la stima lina kosa lake dogo linalojirudia. Mtu anataka vikombe viwili, anajaza lita moja na nusu. Kuchemsha lita moja na nusu ni kama yuniti 0.14, na nyumba inayochemsha mara tano kwa siku hufika yuniti 21 kwa mwezi. Pima maji kwa kikombe utakachonywea. Dikoda ya televisheni huendelea kula hata kama skrini imezimwa, kwa hivyo izimwe ukutani usiku. Nguo za shule na kanzu za Ijumaa zipigwe pasi zote siku moja, kwa sababu pasi hula zaidi inapoanza kupata moto. Hayo ni madogo, lakini ndiyo yanayomtoa mtu yuniti 110 kumpeleka 98.

Msije mkadhani kila kitu cha stima ni adui. Sufuria ile ya stima ya presha, inayofungwa na kupika yenyewe, hupika maharagwe kwa kama nusu yuniti, kwa sababu joto halitoki na inajizima ikishapata presha. Jiko la koili kwa maharagwe hayohayo, saa mbili, litakula mara kadhaa ya hapo. Kampuni ya stima yenyewe imekuwa ikiwahimiza watu wapikie stima kupitia kampeni yake ya Pika na Power. Mwenye kuja chini ya yuniti 100 ana nafasi ya kufanya hivyo. Aliye juu yake apige hesabu kwanza.

Baridi ya mabati

Usiku wa pili nilitambua kwa nini nyumba ile ilikuwa baridi kuliko nje. Paa ni mabati matupu, bila dari chumba cha nyuma, madirisha ni ya chuma yasiyofunga sawasawa, na chini ya mlango kuna upenyo wa kupita panya. Jirani yao alikuwa amenunua hita ya wati 2,000. Saa tatu kila usiku ni yuniti 180 kwa mwezi. Afadhali anunue blanketi.

Wazee wetu walijenga kwa kufikiri joto. Nenda Mji wa Kale, Mombasa, au Lamu, utazame kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono, dari ndefu, na vichochoro vinavyotiliana kivuli. Nyumba hizo zilikuwa baridi bila feni. Bara wanahitaji kinyume chake, nyumba inayoshika joto la mchana mpaka usiku, lakini tunajengewa nyumba ambayo haifai kwa joto wala kwa baridi. Dari, hata ya mbao nyembamba, hufanya kazi kubwa kuliko hita. Kipande cha mpira au kitambaa chini ya mlango, utepe wa sponji kwenye fremu za madirisha, pazia zito usiku. Julai jua liko upande wa kaskazini, kwa hivyo madirisha ya upande huo yafunguliwe mapazia mchana kutwa, yafungwe kabla ya magharibi.

Lakini hapa lazima niseme jambo zito. Watu wa bara wakishikwa na baridi huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi kuna jamaa wanaokutwa wamekufa usingizini. Ukiziba mianya ya nyumba, jiko la makaa lisiingie ndani kabisa, hata likiwa linaelekea kuzima. Ile tundu ya hewa juu ya dirisha usiizibe kamwe ikiwa mnapikia ndani.

Mita moja, vyumba kumi

Siku ya tatu mpwa wangu alinipeleka kwa rafiki yake, mwanamke wa kwetu Kilifi anayekaa chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi. Hana shawa, hana friji. Ana balbu mbili, redio, chaja na pasi. Analipa stima kwa mwenye ploti kupitia mita ndogo ya ndani, na alikuwa akilalamika kuwa bei yake kwa yuniti ni kubwa kuliko ya mpwa wangu mwenye friji na shawa.

Nilimwelewa nilipoona nje kuna mita moja kubwa. Chukua vyumba kumi, kila kimoja yuniti 25. Kila mmoja peke yake angekuwa kundi la chini, Sh12.22. Wakijumlishwa kwenye mita moja ni yuniti 250, na wote wanalipa Sh20.97. Kwa kila mpangaji ni zaidi ya Sh218 za ziada kila mwezi, kabla ya kodi. Maskini anatozwa bei ya tajiri kwa sababu ya mpangilio wa waya, na hakuna balbu ya LED itakayomtoa hapo. Dawa ni kila chumba kiwe na mita yake ya kampuni ya stima, yenye akaunti yake. Wenye ploti husita kwa sababu ya gharama na usumbufu wa maombi, na wengine kwa sababu ile mita ndogo ni biashara yao. Wapangaji wakienda pamoja, wakiwa na hesabu hii kwenye karatasi, wanasikilizwa kuliko mmoja mmoja. Na hili si la Noonkopir peke yake. Majengo, Kisauni, Likoni, Mtwapa, ploti za namna hii tunazo na hesabu ni ileile.

Nilipokuwa narudi, basi lilipopita Athi River nilikumbuka kwamba eneo lile lina mitambo ya stima ya kuchoma mafuta mazito, Triumph wa megawati 83 na Gulf wa megawati 80. Sisi Pwani tunayo Kipevu na Rabai. Na upande mwingine wa Kajiado, huko Kipeto, kuna mitambo ya upepo ya megawati 100. Jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, nchi nzima inawasha taa, inapika na inaoga, matumizi yanavuka megawati 2,000, na hapo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Gharama ya mafuta hayo ndiyo ule mstari wa malipo ya mafuta kwenye risiti, unaopanda na kushuka kila mwezi. Mtu wa nyumbani hapati punguzo akihamisha pasi yake kutoka saa mbili usiku kwenda saa nne asubuhi, hilo niwe mkweli. Viwanda ndivyo vilivyowekewa bei za usiku. Lakini mafuta yanayochomwa jioni tunayalipia sote.

Kuna jambo la historia linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Kwa mujibu wa kampuni ya stima yenyewe, chanzo chake ni jenereta ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ambayo mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua mwaka 1908, likaanza shirika la kuangaza mji wa Mombasa. Stima ya nchi hii ilianzia kwetu. Nadhani hiyo ni sababu ya kutosha ya sisi kuielewa risiti yake.

Kwa wenzangu wa huku chini, hesabu zinabadilika kidogo. Shawa ya moto si tatizo letu, tatizo letu ni joto. Feni ya wati 70 kwa saa kumi ni yuniti 21 kwa mwezi, na hiyo inavumilika. Kiyoyozi ndicho kinachofanya kazi ya ile shawa ya Noonkopir: kwa saa nane usiku kinaweza peke yake kukuvusha yuniti 100. Kiweke nyuzi 25 au 26 na feni juu yake, safisha kichujio chake kila mwezi, na upake paa la saruji au mabati chokaa nyeupe kabla ya Januari. Friji nalo huku linahangaika zaidi kuliko bara, kwa hivyo ule mtihani wa noti ufanyeni leo.

Mpwa wangu alianza Agosti. Watoto wakarudishwa kwenye ndoo saa kumi, shawa ikabaki ya watu wazima, dakika tano kila mmoja. Balbu ya nje ilibadilishwa, mpira wa friji ukawekwa. Mwezi wa kwanza yuniti 141. Septemba 97. Akanipigia kwa hasira: "Mjomba, mbona bei ya yuniti ni ileile?" Nikamkumbusha wastani wa miezi mitatu. Oktoba 95, bado bei ya juu, kwa sababu ile 141 ilikuwa bado ndani ya hesabu. Novemba 92. Desemba alinitumia picha ya ujumbe wa tokeni bila maneno yoyote. Elfu moja yake ilikuwa imempa yuniti nyingi kuliko alizowahi kupata tangu ahamie Noonkopir. Yule rafiki yake wa Kilifi na wenzake wanane wameshaandika barua kwa mwenye ploti, na mpaka naandika haya alikuwa hajawajibu.